Ile 0.05 ya chapta ya nne: pi-valyu inasema nini na haisemi nini

Msimu wa tasnifu ukifika stori inayozunguka mabwenini na maktaba ni ile ile, mtu kakusanya dodoso zake kwa shida, kaingiza data kwenye SPSS (programu ya takwimu) usiku kucha, kabonyeza, halafu ile kolamu iliyoandikwa Sig., ambayo ndiyo pi-valyu, inamletea 0.08 au 0.21, basi hapo hapo anaona kila kitu kimeharibika. Wengine wanaanza kufuta majibu ya watu "waliojaza vibaya", wengine wanabadilisha testi moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke, na wapo wanaokwenda kwa supavaiza wakiwa wameshakata tamaa kabisa. Aliyepata 0.03 naye anatembea kifua mbele, kwake kazi imeisha. Niseme wazi tangu hapa, wote wawili wanaisoma hiyo namba vibaya, na siwalaumu hata kidogo, maana wengi tumefundishwa kuikokotoa na kuilinganisha na 0.05 (ikiwa chini ya hapo matokeo yanaitwa "signifikanti") bila mtu kukaa na sisi akatuambia hiyo namba inajibu swali gani.

Njia nzuri ya kuielewa ni kurudi kwenye chai. Miaka ya 1920 kulikuwa na mtakwimu Mwingereza anaitwa Ronald Fisher, alikuwa akifanya kazi Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo huko Uingereza, na mwenzake mmoja pale, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alisema yeye akionja chai anajua kama maziwa yametangulia kikombeni au chai imetangulia. Fisher akalichukua jambo hilo kwa uzito wake wote na kwenye kitabu chake cha 1935 akalifanya mfano wa jinsi ya kupanga jaribio. Unaandaa vikombe 8, vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, unavichanganya ovyo, mwonjaji anajua kwamba ni vinne kwa vinne ila hajui vipi ni vipi, anatakiwa avitenge vile vinne vya maziwa kwanza.

Sasa piga hesabu. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya 8 ziko 70, na ni moja tu ambayo iko sahihi yote. Kwa hiyo kama huyu mtu hana kipaji chochote, anabahatisha tu, uwezekano wa kupatia vyote ni 1 kwa 70, yaani 0.014. Hiyo 0.014 ndiyo pi-valyu yenyewe, hakuna uchawi mwingine. Tuseme kakosea kidogo, kapatia vitatu kati ya vile vinne, hapo njia za kupata matokeo kama hayo ni 16, unaongeza na ile moja ya kupatia vyote kwa sababu siku zote tunahesabu "matokeo haya au yenye nguvu zaidi ya haya", unapata 17 kwa 70, kama 0.24 hivi. Yaani mtu anayebahatisha tu anaweza kukufikisha hapo karibu mara moja kwenye kila mara nne, basi huwezi kushangaa sana.

Kuna kitu kwenye mfano huu ambacho mimi naona ndicho muhimu kuliko vyote na kwa kawaida kinarukwa. Punguza vikombe viwe 6, vitatu kwa vitatu. Njia zinabaki 20, kwa hiyo hata mwonjaji akipatia VYOTE bila kosa hata moja, pi-valyu yake ni 1 kwa 20, ni 0.05 kamili, haiwezi kushuka chini ya hapo hata awe na ulimi wa ajabu kiasi gani. Kipaji ni kile kile, kilichobadilika ni idadi ya vikombe. Kwa hiyo kabla mtu hajaonja tone moja, wewe uliyepanga jaribio umeshaamua namba inaweza kushuka hadi wapi, na hivyo hivyo mwanafunzi aliyechukua sampuli ya watu wachache kwa sababu muda na hela vimeisha, sehemu kubwa ya ile 0.08 aliipanga mwenyewe siku ile anaandika proposo, hakuipata SPSS.

Tuiseme kwa maneno ya kawaida. Pi-valyu ni uwezekano wa kupata data kama zako, au zilizo mbali zaidi na "hakuna kitu" (yaani hakuna tofauti wala uhusiano wowote) kuliko zako, IKIWA kweli hakuna kitu, na ikiwa mambo mengine yote uliyoyachukulia kwenye modeli yako ni sahihi (sampuli ilichukuliwa inavyotakiwa, majibu ya mtu mmoja hayategemei ya mwenzake, na kadhalika). Hilo "ikiwa" ndilo roho ya jambo lote. Namba inaanza kwa kukubali kwamba hakuna kitu, halafu inauliza data zako zingekuwa za ajabu kiasi gani katika dunia hiyo ya kufikirika.

Kwa hiyo mtu anapoandika "pi-valyu ni 0.03, maana yake kuna uwezekano wa asilimia 97 kwamba haipothesisi yangu ni kweli" (haipothesisi ni lile dai analolipima), hapo kageuza sentensi kichwa chini miguu juu. Ni sawa na mvua na mawingu: ukiniambia mvua inanyesha, uwezekano wa kuwa kuna mawingu ni karibu wote, ila ukiniambia kuna mawingu tu, uwezekano wa mvua ni habari nyingine kabisa inayotaka ujue na mambo mengine. Pi-valyu inakupa upande mmoja tu, data zingekuwaje kama hakuna kitu. Upande tunaoutaka sisi, yaani kuna kitu au hakuna baada ya kuona data hizi, haiwezi kukupa peke yake.

Tufanye hesabu ya kufikirika tuone tofauti inakuwa kubwa kiasi gani. Chukua haipothesisi 1000 ambazo watafiti wanazijaribu, tuseme 100 ndizo za kweli na 900 hazina kitu. Tuseme pia majaribio yao yana nguvu nzuri, yaani kitu kikiwepo kweli wanakigundua mara 80 kwa 100. Basi kwenye zile 100 za kweli zitaonekana 80, na kwenye zile 900 tupu asilimia 5 zitapita kwa bahati tu, ambazo ni 45. Jumla una matokeo 125 yenye pi-valyu chini ya 0.05, na kati ya hayo 45 ni hewa, asilimia 36. Siyo 5. Na kama majaribio yana nguvu ndogo, yanagundua mara 20 tu kwa 100, hapo unapata 20 za kweli na zile zile 45 za hewa, yaani karibu 7 kwenye kila 10 ya vitu vilivyoitwa "signifikanti" havipo. Hakuna aliyedanganya wala aliyepika data, kila mtu kafuata 0.05 kwa uaminifu wake wote, na bado. Ndio maana sampuli ndogo ina madhara mawili, inakunyima kitu kilichopo, na hata kile inachokupa unatakiwa ukishike kwa wasiwasi.

Hii 0.05 yenyewe imetoka wapi? Fisher tena, kitabu chake cha 1925, aliona 1 kwa 20 ni kipimo kinachofaa kwa sababu kinaangukia karibu na standadi devieshen mbili (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) kutoka kwenye wastani (1.96 kama unataka kamili), rahisi kufanya kwa mkono zama ambazo kompyuta hazikuwepo. Ni hivyo tu, hakukuwa na ugunduzi wa asili kwamba ukweli unaanzia kwenye 0.049 na uongo unaanzia 0.051. Fisher mwenyewe mwaka 1956 aliandika kwamba hakuna mwanasayansi mwenye kiwango kimoja cha kudumu anachokitumia mwaka hadi mwaka kwa mambo yote. Halafu kuna Jerzy Neyman na Egon Pearson, wao mwaka 1933 walikuja na mfumo mwingine, wa kufanya maamuzi, ambao unakutaka uamue mapema unavumilia makosa ya aina gani na kwa kiasi gani, kosa la kuona kitu kisichokuwepo na kosa la kukosa kilichopo. Fisher na hawa wawili hawakupatana kabisa, walibishana kwa miaka, ila vitabu vya kiada vilivyofuata vikachukua kipande cha huyu na kipande cha wale vikavishona pamoja bila kusema, na hicho ndicho tunachofundishwa kama kitu kimoja. Mkanganyiko unaoupata darasani una historia, wala akili yako haina tatizo.

Na siyo kila fani inatumia 0.05. Wanafizikia wa CERN, maabara ya chembe ndogo za maada huko Ulaya, walipotangaza chembe ya Higgs tarehe 4 Julai 2012 walikuwa wanataka sigma tano, yaani standadi devieshen tano, ambayo ni kama 1 kwa milioni 3.5. Wanaotafuta jeni zinazohusiana na magonjwa kwenye jinomu nzima (jeni zote za mtu kwa pamoja) wanataka 0.00000005, maana wanajaribu sehemu nyingi mno kwa mpigo. Mwaka 2017 kundi la watafiti 72 lilipendekeza ugunduzi mpya uanze kuitwa signifikanti kwenye 0.005, na wengine wakapinga wakasema tuache kabisa kukata mstari. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, nitaeleza.

Kinachochanganya watu kuliko vyote ni ukubwa wa sampuli. Tuseme unataka kujua kama wanafunzi wanapendelea kusoma usiku kuliko asubuhi. Unawauliza 20, kati yao 12 wanasema usiku, asilimia 60, pi-valyu inatoka karibu 0.50, "hakuna tofauti". Unawauliza 200, wanasema usiku 120, asilimia 60 ile ile, pi-valyu inashuka chini ya 0.01. Asilimia haijabadilika hata kidogo! Sasa nenda upande wa pili, uliza watu 100,000, wanasema usiku 50,500, ambayo ni asilimia 50 na nusu, tofauti ambayo hakuna chuo kitabadilisha saa za maktaba kwa ajili yake, ila pi-valyu inakuja kama 0.002. Kwa hiyo "signifikanti" haina maana ya kubwa wala muhimu, na "siyo signifikanti" haina maana ya kwamba hakuna kitu, mara nyingi ina maana kwamba data hazitoshi kusema. Nakuomba sana usiandike "utafiti huu umethibitisha kwamba hakuna uhusiano" eti kwa sababu umeona 0.12. Hujathibitisha hilo.

Tuje kwenye kuvua samaki, yaani kutupa ndoano kwenye testi nyingi mpaka moja inase, maana hapa ndipo wanafunzi wazuri wanapotelea bila kujua. Ukijaribu vitu 20 ambavyo vyote havina kitu na havitegemeani, uwezekano wa angalau kimoja kutoka chini ya 0.05 kwa bahati ni asilimia 64. Dodoso la kawaida lina maswali zaidi ya 20, unayakata kwa jinsia, kwa mwaka wa masomo, kwa umri, kwa kozi, umeshafanya testi mia kabla hujanywa maji, lazima utapata kitu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walionyesha hili kwa njia ambayo ukishaisikia huisahau: walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, kwenye mashine ya kupima ubongo, wakamwonyesha picha za watu na "wakamwuliza" wale watu wana hisia gani, halafu wakachambua maelfu kwa maelfu ya vipande vidogo vya picha bila kurekebisha kwa wingi wa testi. Wakapata vipande "vinavyofanya kazi" kwenye ubongo wa samaki mfu. Waliporekebisha hesabu, vikatoweka.

Hata bila testi nyingi unaweza kufika huko huko kwa maamuzi madogo madogo tu. Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn mwaka 2011 waliandika pepa wakionyesha, kwa data halisi za wanafunzi, kwamba kusikiliza wimbo fulani wa The Beatles kunapunguza umri wa mtu kwa karibu mwaka na nusu, jambo ambalo bila shaka haliwezekani. Walifanyaje? Walipima vitu vingi wakaripoti vichache, walichungulia data njiani wakaamua kuendelea au kuacha, waliingiza na kutoa vigezo vya kudhibiti. Wakapiga na hesabu, kwamba ukijiruhusu mambo manne ya namna hiyo kwa pamoja, ile asilimia 5 ya kosa inapanda hadi karibu asilimia 61. Fikiria matendo ya namna hiyo: kuongeza watu kumi wengine kwa sababu namba "imekaribia", kutoa majibu mawili matatu yaliyo mbali na wenzake baada ya kuona matokeo. Watu wanafanya hivyo kila siku kwa nia njema kabisa, wakiamini wanasafisha data.

Na mfumo mzima unasukuma huko. Majarida kwa miaka mingi yamependa matokeo yenye nyota mbili tatu pembeni (alama ya pi-valyu ndogo), na utafiti uliokuja na 0.3 unaishia kwenye droo, mwanasaikolojia Robert Rosenthal aliliandikia jambo hili tangu 1979. Kwa hiyo mwanafunzi anaposoma pepa 40 za chapta ya pili, ile ya mapitio ya tafiti za wengine, na zote zinasema kuna uhusiano, anaona ya kwake peke yake ndiyo imeharibika, kumbe anajilinganisha na zilizochujwa. Mwaka 2015 watafiti wengi waliungana wakarudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwishachapishwa, zile za awali asilimia 97 zilikuwa na matokeo signifikanti, za marudio asilimia 36 tu. Hilo halina maana kwamba zote zilizobaki ni uongo, marudio nayo yana kubahatika na kukosa kwake, ila inatosha kumwondolea mtu ile hofu kwamba 0.05 ni muhuri wa ukweli. Mwaka uliofuata, 2016, chama cha wanatakwimu wa Marekani (ASA), kilichopo tangu 1839, kikatoa tamko rasmi, na moja ya vipengele vyake ni kwamba uamuzi wa kisayansi usikae juu ya pi-valyu kuvuka au kutovuka mstari.

Sasa wewe mwenye chapta ya nne, ile ya matokeo, mezani ufanye nini? La kwanza linatakiwa lifanyike kabla ya data, na kama bado uko kwenye proposo una bahati: andika mapema swali kuu ni lipi, utatumia testi gani, majibu yapi utayaondoa na kwa sababu gani, halafu piga hesabu ya sampuli kwa kuanzia na tofauti ndogo kabisa ambayo ingekuwa na maana kwa watu, siyo kwa kuanzia na idadi ya dodoso ulizoweza kutoa fotokopi. Weka hiyo karatasi na tarehe, mtumie supavaiza kwa barua pepe. Siku ya difensi hiyo barua pepe itakusaidia kuliko nyota zote za kwenye jedwali.

Kama data zimeshakuja, ripoti kila ulichokijaribu, hata vilivyokataa, ukisema idadi yake. Uchunguzi uliokuja baada ya kuona data hauna dhambi, uite tu kwa jina lake, ni wazo la utafiti ujao. Na badala ya kumaliza sentensi kwenye "siyo signifikanti", weka tofauti yenyewe na konfidensi intavo yake, ule mpaka wa chini na wa juu, kwa sababu hapo msomaji anaona ukubwa wa kitu na pia kiasi cha kutokuwa na uhakika, vitu viwili ambavyo pi-valyu inavichanganya kwenye namba moja. Hiki ndicho kinanifanya niwe upande wa wanaotaka tuache kukata mstari, mstari unamwambia mwanafunzi asimamishe kufikiri pale pale ambapo kufikiri kunatakiwa kuanza.

Mfano, umelinganisha waliosoma kwa vikundi na waliosoma peke yao. Wengi wangeandika: "Hakukuwa na tofauti kati ya makundi (p = 0.12)." Jaribu hivi: "Waliosoma kwa vikundi walipata wastani wa maksi 4 zaidi, konfidensi intavo ya asilimia 95 ikiwa kuanzia −1 hadi 9, p = 0.12. Data hizi zinaendana na faida ya hadi maksi 9, zinaendana pia na kutokuwepo kwa faida yoyote, au hasara ndogo ya maksi 1." Ni utafiti ule ule na namba zile zile, ila wa kwanza umetangaza kitu ambacho haukukionyesha, wa pili umempa anayekuja nyuma yako mahali pa kuanzia, anajua atafute tofauti ya ukubwa gani na kwamba atahitaji watu wengi kuliko wewe.

Na mjumbe wa paneli akikuuliza "mbona matokeo yako siyo signifikanti?", usiombe radhi. Mwambie sampuli ilikuwa watu kadhaa, kwamba kwa ukubwa huo ungeweza kugundua tofauti ya kuanzia maksi kadhaa kwenda juu (hiyo hesabu uwe nayo mkononi, supavaiza au mtu wa takwimu wa idara anaweza kukusaidia kuipiga), kwamba testi ulizofanya ni hizi na zote ziko kwenye kiambatisho, halafu fungua ukurasa wenye intavo umwonyeshe.